Mayai ya Mpumbu

Bibi harusi haendi kwenye chilanga mulilo. Hilo hata mtoto wa mji wetu wa Kashikishi, kando ya ziwa, analijua. Wanaokwenda ni shangazi, mama wadogo na mashoga wa mama. Wanabeba kila aina ya chakula ambacho mwanaume atapikiwa katika ndoa yake, wanamfunulia sahani moja baada ya nyingine, wanamweleza, anaonja, vigelegele vinapigwa, na kuanzia siku hiyo anaruhusiwa kula kwa wakwe zake. Bibi harusi mwenyewe hubaki nyumbani roho juu, akisubiri kusimuliwa mchumba alikula nini na alibakiza nini.

Arlène alikwenda.

Alijitanda kitenge mpaka machoni, akajipanga mwisho kabisa wa msafara wa wanawake, na kichwani alikuwa na beseni lililofunikwa kwa sahani. Shangazi yake Orpha, aliyeongoza, hakugundua kitu mpaka walipokaribia soko. Aligeuka kuwatazama watu wake, akaona miguu ambayo ameiogesha tangu ikiwa midogo.

"Arlène! Weye! Unaenda wapi?"

"Naenda pamoja na ninyi, tantine."

"Uko na wazimu? Bantu batasema bibi iko na njaa ya bwana!"

"Baseme. Nataka nimuulize Lombe neno moja, uso kwa uso. Toka juzi haitikii simu."

"Na mu beseni kuko nini?"

"Samaki."

"Samaki tulishapika."

"Hii ni ingine, tantine."

Orpha alimtazama. Ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, mwaka ule walipovuka ziwa kutoka Congo na vyungu viwili na Biblia, na sauti hiyo aliijua. Alipandisha pumzi, akaishusha, akasema, "Basi nyuma yangu. Na usifungue kinywa mpaka nimalize." Msafara ukaendelea.

Sasa, msomaji wangu, usimlaumu Arlène kabla hujajua alivyopenda. Huyu msichana alikuwa amekufa akaoza. Lombe alitokea sokoni mwaka uliopita, kijana mrefu wa Nchelenge mwenye kofia ya kazi ya bwawa la mto Kasheta, akanunua chisense, vile visamaki vidogo vilivyokaushwa. Kesho yake akarudi kununua tena. Na kesho kutwa. Mtu mmoja asiye na mke alinunua chisense za kulisha shule nzima, na kila akipokea mfuko, vidole vyake vilichelewa kidogo juu ya vidole vya Arlène. Alimwomba amfundishe Kiswahili. Arlène akamfundisha, jioni kwa jioni, wakitembea kando ya ziwa, yeye akicheka jinsi Mbemba yule alivyoyang'ata maneno, na kabla ya mvua kuanza walikuwa wakiambiana kwa Kiswahili mambo ambayo hayafundishwi.

Baba yake, mzee Dominique, hakutaka hata kusikia. Kwake bwawa lilikuwa adui wa nyumba. Tangu lilipojengwa, mto Kasheta ulipanda jioni, watu wa miji ya mbali wanapowasha taa na kupika, na ukashuka alfajiri, kila siku ya Mungu, mvua iwepo isiwepo. Mpumbu hawakujua tena waende lini. Mpumbu ni samaki wa mafuriko: hungoja maji yapande taratibu, huyafuata kutoka ziwani mpaka kwenye majani ya bondeni, hutaga humo, na maji lazima yatulie majanini wiki nyingi ili watoto wao wapate nguvu ya kurudi ziwani. Ukiwanyima hayo, baada ya miaka michache unaonja mpumbu kwa hadithi tu.

Ndipo Lombe alipokuja na habari njema. Mwaka huu, alisema, bwawa litaachia maji kwa ajili ya mto wenyewe, yatapanda polepole na kutulia majanini, kama zamani. Sharti moja tu: watu watoe mtoni nyuzio zao za miti za kutegea samaki ili samaki wapite. Akamshika Arlène mkono. "Weye ndiye unaongozaka kwaya. Banakusikiaka. Sema nabo."

Na kutoa uzio si mchezo. Kwenye mto ule, mahali pa uzio ni pako maadamu miti yako imesimama. Ukiing'oa hata kwa siku moja, mwenye miti yake anaweza kuja na kuisimamisha, na hakuna mwamuzi atakayekusikiliza. Mzee Dominique, mgeni kutoka ng'ambo, alipewa mahali pake na mzee mmoja wa hapo kwa hisani, na hakuwa na kingine duniani. Alikataa. Arlène akapiga magoti, akalia, akasema, "Papa, kama humuamini Lombe, uniamini mie." Baba akaingia mtoni mwenyewe, akang'oa miti yake mmoja mmoja, na walipomwona yeye aking'oa, majirani nao wakang'oa.

Maji yakaja. Mungu wangu, yalikuja vizuri! Wageni wa bwawa wakafika na kamera zao, kwaya ikaimba ukingoni, wanawake wakacheza, na mpumbu wakapita wakirukaruka, wanene kwa mayai. Siku chache baadaye wageni wakaondoka, na maji nayo yakaondoka. Yaliteremka kwa usiku mmoja. Arlène alipofika bondeni na wenzake alikuta samaki wamelala ubavu kwenye matope, matumbo yamejaa, midomo ikifunguka na kufungika. Lombe alituma ujumbe mmoja tu: mashine imeharibika, pole sana, mpenzi wangu. Kisha simu yake ikanyamaza. Na mahali pa baba yake, jamaa waliotoka Puta walikuwa wameshasimamisha miti yao.

Kwa hiyo neno alilotaka kumuuliza Lombe lilikuwa hilo tu: je, ni kweli mashine iliharibika? Akisema ndiyo na macho yake yakasema ndiyo, basi angeolewa naye hata kama dunia nzima ingemcheka.

"Mwaiseni mukwai!" Mama yake Lombe, mama Kabaso, aliwapokea mlangoni akipiga makofi ya heshima. Alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, mwenye Kiswahili cha kuokota sokoni, aliyewahi kusema waziwazi kwamba hakumlea mwanawe ili aoe mkimbizi wa Congo, kisha akaonja sombe ya Orpha, kile kisamvu chake, na tangu hapo akanyamaza. Lombe alikuwa ameketi kwenye mkeka, shati jeupe, kichwa ameinamisha inavyotakiwa. Alikuwa mzuri siku hiyo, na hilo ndilo lililomuuma Arlène kabla hata ya maneno.

Orpha akafanya kazi yake. Alifunua ugali wa mihogo, akasema hapa kwetu hatupiki ugali mwepesi. Akafunua sombe, maharage, kuku asiyekatwa, chisense za karanga. Kila sahani Lombe alimega, akaonja, wanawake wakapiga vigelegele, mama Kabaso akacheka.

"Imebakia moja," alisema Orpha, na sauti yake haikuwa na furaha.

Arlène akasogea kwa magoti, akaweka beseni, akafunua. Mpumbu mkubwa wa kule bondeni, amechemshwa kwa chumvi tu, tumbo limepasuliwa, mayai ya manjano yamejaa mpaka nje. Lombe aliiona ile mikono kabla ya samaki. Akainua uso. Macho yao yakagongana, na kwa muda mfupi Arlène akamwona yule yule wa ukingoni mwa ziwa, na moyo wake ukamkimbilia bila kumwomba ruhusa.

Kisha Lombe akatazama chini, kwenye mayai.

Mama Kabaso ndiye aliyesema kwanza, na alisema kwa furaha. "Mpumbu! Ya mayai! Aa, mwaka huu Lesa Mungu ametubariki. Hata yama wake, kaka yangu, alituletea mingi sana. Bantu bote balitoa miti yabo, yeye hapana. Lombe alimuambia, yama, acha yako isimame, ile maji ni ya siku kidogo tu, bageni bakienda banafunga. Ona! Mutoto ya akili!"

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama Kabaso alitazama huku na huku, tabasamu likimwishia usoni, asijue amesema nini.

"Alimuambia lini, mama?" Arlène aliuliza kwa upole.

"Mbele ya maji kuja..."

"Mama, basi," Lombe akasema.

Arlène alisimama. Hakuomba ruhusa. Alitoka nyuma ya nyumba, penye jiko la nje, na Lombe akamfuata mbio bila viatu.

"Arlène, unisikilize."

"Nakusikilizaka toka mwaka jana. Leo unijibu. Mashine iliharibika?"

"Vile mambo ilikuwa..."

"Iliharibika ao haikuharibika?"

"Haikuharibika."

"Ulijua kama batafunga? Siku ile uliniambia niseme na bantu, ulijua?"

Lombe alizungumza Kiswahili cha kwao Arlène, maana ndiye aliyemfundisha. Hata uongo wake wote aliusema kwa matamshi ya nyumbani kwake, ndiyo maana uliingia vizuri hivyo. "Nilijua," alisema.

Arlène aliegemea ukuta.

"Bosi alisema bageni baone maji, baone bantu banafurahi. Kisha tufunge, tujaze bwawa, juu ya umeme. Mie niko mudogo pale, Arlène! Ningesema nini? Nilifikiri tutafungua tena, kidogo kidogo..."

"Mayai inangojaka kidogo kidogo? Ulienda kule bondeni kuona?"

"Hapana."

"Mie nilienda. Nililala chini mu matope, nikajaribu kubasukuma na mikono bafike mu maji. Nilikuwa nasema, Lombe anakuja, mashine inatengenezwa, Lombe anafungua. Nilikuwa nasema jina lako na samaki, sawa mupumbavu."

"Nilifanya juu yetu. Banatupatia nyumba kule juu, ya matofali. Nilikuwa nakuona weye ndani. Kila siku nilikuwa nakuona ndani."

"Yama yako ulimuambia. Papa yangu, hapana."

"Yama ni damu yangu."

"Na mie?"

Hata Lombe alisikia alichosema.

"Papa yangu hana mahali tena," Arlène alisema. "Ba Puta bako pale. Alinikatalia, nikapiga magoti, akatoa miti kwa mikono yake. Juu ya neno langu. Na neno langu lilikuwa lako."

"Nitaenda kusema na ba Puta. Nitabalomba barudishe mahali."

"Uniambie kitu kimoja." Wazo lilikuwa limemjia hapo hapo, na alitamani lisingemjia. "Ile siku ya kwanza mu soko. Nani alikutuma?"

"Namna gani, nani alinituma? Nilikuja kununua chisense."

"Lombe. Uniangalie."

Akamwangalia. Macho yale mazuri, ambayo Arlène aliyaota mpaka aibu, yalijaa machozi, na machozi hayo yakajibu kabla ya mdomo.

"Bosi alisema tutafute mwanamuke bantu banamusikiaka. Bakasema, yule wa kwaya, iko na meza mu Kashikishi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ilikuwa mwanzo tu! Wiki ya kwanza tu! Kisha nikakupenda, Arlène, nakuapia kwa Lesa. Ile chisense yote, nani angekula? Nilikuwa napatia paka ya mama. Bosi hakunituma tena, mie mwenyewe nilirudi. Juu ya macho yako. Juu ya vile unachekaka."

Na alikuwa anasema kweli. Ubaya wenyewe ulikuwa huo. Arlène aliona wazi kwamba mwanaume huyu anampenda, na kwamba upendo huo ulianza kama kazi ya ofisini, na kwamba hata baada ya kuwa upendo wa kweli aliendelea kuutumia vile vile. Alikumbuka vidole vilivyochelewa juu ya vidole vyake. Mwaka mzima aliuhifadhi mguso ule kama kitu cha thamani, kumbe alikuwa anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimchukia. Alitaka pia, kwa mwili wake wote, kuegemea shati lile jeupe alie hapo hapo, na kwa hilo alijichukia zaidi.

"Kama ungeniambia," alisema, "siku moja tu mbele papa hajaingia mu mto, ungekuja ukaniambia, Arlène, nilikudanganya, batafunga. Ningekupiga. Kisha ningeolewa na weye."

"Arlène wangu..."

"Hapana. Usiseme 'wangu'."

Lombe akajifuta uso kwa mkono wa shati, akageuka ghafla, akarudi ndani kwa hatua za mtu aliyepata ujanja wa mwisho. Arlène alimfuata, na alielewa akiwa bado mlangoni. Kijana alikuwa ameketi mkekani, mbele ya beseni, mbele ya mashahidi wote wa pande mbili, na mkono wake ulikuwa unamwendea mpumbu. Akila sahani hiyo mbele ya wanawake wale, chakula kimepokelewa chote. Amekuwa mkwe. Yaliyobaki ni kanisa na keki.

"Nakula," alisema. "Bote muone. Nakula chakula ya bibi yangu."

Orpha alimtazama Arlène. Mama Kabaso alimtazama Arlène. Ungesema vichwa vyote vya chumba kile vilifungwa kwa kamba moja.

Arlène alipiga magoti, akaweka kiganja chake juu ya samaki, kati ya mayai na vidole vya Lombe. Vidole vikagusana. Safari hii vya Arlène ndivyo vilivyochelewa, na kila mtu aliona. Kisha akavuta beseni kwake, akalifunika.

"Tantine," alisema, "tubebe chakula."

"Yote?"

"Yote."

"Chakula ya chilanga mulilo hailudi!" Mama Kabaso alisimama, mikono kichwani. "Haijaonekana! Mayo, bantu batatucheka, sisi na ninyi! Nilisema nini mie? Nilisema neno gani mbaya?"

Arlène akamgeukia, akapiga makofi ya heshima chini, kama binti anavyompigia mama mkwe. "Hukusema neno mbaya, mama. Weye peke yako ndiye ulisema kweli mu hii nyumba. Unisamehe."

Lombe alibaki mkekani, kiganja wazi, kama mtu aliyenyimwa sadaka. Hakumwita tena. Labda aliogopa jina atakalotumia.

Wakatoka na sahani zote, hata ile ya chisense. Msafara uliokwenda kwa nyimbo ulirudi kwa miguu tu, katikati ya Kashikishi, mchana kweupe. Wauza nyanya walisimama. Wapakiaji wa mizigo ya kwenda Mununga waliacha kupakia. Chakula cha harusi kinarudi! Kuna watu watakaolisimulia hilo mpaka kwa wajukuu wao, na watalitia chumvi. Orpha alitembea ubavuni mwa mpwa wake, na kila aliyefungua mdomo kuuliza alikutana na jicho lake na akaufunga. Arlène alikuwa ameshusha kitenge kutoka usoni. Aliona hakuna cha kuficha tena.

Mzee Dominique alikuwa uani, ameketi kwenye benchi, anachonga mpini wa jembe. Tangu apoteze mahali pake alikuwa anachonga mipini, mingi kuliko majembe ya mtaa mzima. Aliona wanawake wakiingia, sahani kichwani, bado zimejaa. Aliweka kisu chini.

"Alikataa kula?"

"Nilimunyima, papa." Arlène alitua beseni miguuni pake. "Alijua. Toka mwanzo alijua kama batafunga. Hata mie, alitumwa kunitafuta juu ya niseme na ninyi. Mahali yako, papa... mie ndiye nilikuangusha. Mie, na magoti yangu."

Alisubiri. Baba huyu alikuwa na kila haki ya kusema nilikuambia, na alikuwa na ulimi unaojua kuchoma. Wanawake walisimama na sahani zao, hakuna aliyethubutu kutua.

Machozi yalikuwa yanamtiririka Arlène mpaka shingoni, naye hakuwa anayafuta.

"Unalia juu ya mto yetu," baba akauliza, "ao unalia juu yake?"

Arlène alitaka kusema mto. Ingekuwa heshima zaidi kusema mto. Lakini siku hiyo ilikuwa na uongo wa kutosha.

"Juu yake, papa."

Mzee Dominique akaitikia kwa kichwa polepole, akajisogeza, akampa nafasi kwenye benchi.

"Maji tutaenda kuyadai kesho, sisi bote, ku mulango ya ile bwawa," alisema. "Leo lia tu, mutoto yangu. Lia umalize."